Dirhamu ya Chakula na Dirhamu ya Shoka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na Kwake twataka msaada. Sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyeufuata uwongozi wake mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mara nyingi katika darasa zetu twaulizwa juu ya misaada ya chakula na lishe ya watoto itufikiayo kutoka nchi za mbali. Wako wasemao kwamba tuipokee bila ya kuuliza neno, kwani mwenye njaa hachagui. Na wako wasemao kwamba ni fedheha, kwani mkono upokeao daima huwa chini, basi afadhali tuikatae. Makundi yote mawili yameshika upande mmoja wa jambo na kuuacha wa pili. Sisi twataka kulipima kwa mizani ya dini na ya elimu, kwani kinachopimwa hapa si heshima ya watu wazima, bali ni miili na akili za watoto wasioweza kujisemea.

Imepokewa katika Hadithi kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba. Mtume akamuuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Akajibu kuwa ana nguo nzito, nusu yake hujifunika na nusu huitandika, na ana chombo cha kunywea maji. Mtume akamwamrisha avilete, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja; Mtume akataka nyongeza mara mbili au tatu, mpaka mwengine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule mtu dirhamu zote mbili: moja anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka. Alipoleta lile shoka, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, kisha akamwambia aende akakate kuni auze, wala wasionane mpaka zipite siku 15. Siku zilipotimia, mtu yule alirudi ana dirhamu 10, akanunua kwa baadhi yake nguo na kwa baadhi yake chakula.

Ndani ya kisa hiki mna mambo manne. La kwanza, chakula kilitangulia shoka. Mtume hakumpa waadhi juu ya kazi hali ya kuwa watoto wake wana njaa. La pili, chakula hakikuwa mwisho wa msaada, bali nyuma yake kulikuwa na chombo cha kumtoa mtu katika kuomba. La tatu, shoka halikutolewa bila ya mpini; yaani msaidizi alitia pamoja na chombo maarifa na jasho lake mwenyewe. Na la nne, ambalo watu wengi hulisahau, mali yenyewe ilitoka nyumbani kwa yule maskini. Basi na tuyachukue mambo haya manne, tuitazame kwayo misaada ya lishe na hali ya watoto wetu.

Hali tuliyo nayo

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake haufikii wa watoto wa umri wake, kwa sababu ya kukosa chakula bora kwa muda mrefu na kuandamwa na maradhi. Watu humtazama wakasema, "Huyu ni mfupi kama babake," wakaenda zao. Walakini ufupi ule ni alama ya nje tu. Ndani yake ubongo nao haukupata haki yake. Mtoto huyo hujifunza kwa taabu, na akiwa mkubwa nguvu zake za kazi huwa pungufu. Na akiwa ni mwanamke, akija kuzaa huwa katika khatari ya kuzaa mtoto mdogo asiye na nguvu, na madhara yakarithiwa kizazi baada ya kizazi kama deni.

Katika uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2008 na 2009, watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 walikuwa 18. Hii ni neema kubwa, na yatupasa tumshukuru Mwenyezi Mungu na tuwashukuru wote waliofanya kazi. Lakini katika uchunguzi huo huo wa mwaka 2022, kaunti iliyokuwa na sehemu kubwa zaidi ya watoto waliodumaa katika Kenya nzima ilikuwa Kilifi: watoto 37 katika kila 100.

Tafadhalini mlitazame jambo hili vyema. Hatusemi habari za jangwani. Twasema habari za nchi yenye bahari upande mmoja, na minazi, miembe na mikorosho upande wa pili. Nchi ambayo mtu wa Mombasa akivuka daraja la Mtwapa amekwisha ingia. Wala si kwamba watu wa huko hawali kabisa, ingawa ukame huwapiga sana walio bara. Wengi wao hula kitu kimoja tu: sima mchana na sima usiku, na mboga kidogo ya kuitelemshia. Tumbo hujaa na mwili hukosa. Samaki hupelekwa sokoni na mahotelini, mayai huuzwa ili upatikane unga, na mtoto wa mvuvi hubaki na mchuzi. Wala sisi wa mjini tusijione tumesalimika, kwani mtoto anayepewa chai na mahamri asubuhi, na viazi vya kukaanga na soda jioni, naye pia ameshiba bila ya kulishwa.

Wataalamu, khasa katika makala mashuhuri zilizotolewa na jarida la Lancet mwaka 2008 na 2013, wameeleza kwamba siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kuingia mpaka mtoto kutimiza miaka 2, ndizo zinazojenga mwili na akili, na kwamba kilichopotea siku hizo ni taabu sana kukirudisha baadaye. Makala za mwaka 2013 zilikadiria kuwa katika kila vifo 100 vya watoto walio chini ya miaka 5 duniani, karibu 45 vina uhusiano na lishe duni. Sisi tusomao Qurani haitupasi kustaajabu. Katika Sura ya Al-Ahqaf Mwenyezi Mungu ameitaja mimba na kuachisha ziwa pamoja, akazihisabu kuwa ni miezi 30. Na katika Sura ya Al-Baqara ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na papo hapo akamwekea baba juu ya shingo yake chakula cha mama na nguo zake. Mama na mtoto wametiwa katika hisabu moja. Mwenye kumnyima mama amemnyima mtoto, hata ikiwa hakukusudia.

Dirhamu ya chakula

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mataifa yalikubaliana kwamba njaa ya nchi moja si shughuli ya nchi hiyo peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliundwa mwaka 1945, shirika la watoto, UNICEF, mwaka 1946, na Mpango wa Chakula Duniani mwaka 1961. Kazi zao zina kasoro kama kazi za wanaadamu wote, lakini mwenye insafu hawezi kukanusha kheri iliyopatikana.

Tuchukue mfano mmoja. Zamani mtoto aliyekonda kupindukia hakuwa na tiba illa kulazwa hospitali majuma kadhaa, anyweshwe maziwa maalumu, na mamake awaache watoto wengine nyumbani bila ya mtu wa kuwatazama. Mwaka 1996 daktari Mfaransa, André Briend, pamoja na Michel Lescanne, mwenye kiwanda, walibuni chakula cha njugu zilizosagwa zikachanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Chakula hicho hakitaki kupikwa wala kuchanganywa na maji, na hakiharibiki upesi kwa joto. Pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ipatayo kalori 500. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kwamba mtoto aliyekonda sana, ikiwa ana hamu ya kula na hana maradhi mengine makubwa, aweza kutibiwa nyumbani kwao kwa chakula hiki. Naye mhudumu wa afya kijijini humtambua kwa utepe wa rangi unaozungushwa mkono wa juu wa mtoto: upimo ukiwa chini ya sentimita 11.5, ni rangi nyekundu, na mtoto huyo hapaswi kungojeshwa hata siku moja.

Na dirhamu ya chakula ina sharti, nayo ni kufika kwa wakati wake. Mwaka 2010 wenye elimu ya mvua na mavuno walianza kuonya kwamba Somalia inaelekea kwenye njaa. Maonyo yalisomwa na yakawekwa. Njaa ilipotangazwa rasmi Julai 2011, ndipo misaada mikubwa ilipoanza kukusanywa, na kulikuwa na vita na watu wenye silaha waliowazuia wasaidizi njia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu 258,000 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kisha mvua zikashindwa tena misimu mitano kwa kufuatana tangu mwisho wa mwaka 2020. Safari hii watu wengi pia walikufa, lakini njaa iliyokhofiwa mwaka 2022 haikufikia daraja ya kutangazwa, na moja katika sababu zake ni kuwa msaada uliongezwa kabla ya mambo kufika mwisho. Ndugu zetu, kati ya miaka hiyo miwili mna somo: chakula kinachokuja baada ya mazishi si msaada, ni rambirambi.

Dirhamu ya shoka

Watu wengi wakisikia "misaada" hudhani ni magunia. Lakini kheri kubwa zaidi iliyotoka katika ushirikiano wa mataifa haionekani kwa macho, kwani imo ndani ya vitu tunavyovitumia kila siku.

Tazameni chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutengenezwa katika pwani yetu hii, Gongoni na Marereni, kwa maji ya bahari na jua. Sehemu nyingi za bara udongo wake una upungufu wa madini yaitwayo iodini. Watu walikuwa wakitoka rovu shingoni, na mama aliyeyakosa madini hayo wakati wa mimba huweza kuzaa mtoto mwenye akili pungufu. Mwaka 1990 viongozi wa mataifa walikutana New York kwa ajili ya watoto, na moja katika maazimio yao lilikuwa kuuondoa upungufu huu kwa kutia iodini katika chumvi. Kenya ilikuwa imekwisha ianza kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Gharama yake kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima ni senti chache, na faida yake ni akili ya mtu maisha yake yote. Hili ni shoka lisilo na kelele.

Tazameni unga. Tangu mwaka 2012 sharia ya Kenya yawalazimisha wenye viwanda kutia madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa ngano na unga wa mahindi wa pakiti, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Lakini mashine nyingi ndogo za kusagia, ambazo ndizo za maskini, hazitii kitu. Shoka lipo, mpini haujawafikia wote.

Na tazameni maziwa. Ilipodhihirika kuwa matangazo ya maziwa ya kopo yanawashawishi mama waache kunyonyesha, na kwamba watoto wanakufa kwa maziwa yaliyochanganywa na maji machafu, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mwezi wa Mei 1981 kanuni za kuzuia matangazo hayo. Nchi 118 zilikubali, na moja peke yake, Marekani, ikapinga. Kenya ilitunga sharia yake ya jambo hili mwaka 2012.

Hapa twakumbuka kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alikuwa akitoa posho katika Baitul-Mali kwa mtoto aliyekwisha achishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia sana, na kila akirudi alimkuta yungali akilia. Alipomuuliza mama, akaambiwa kuwa anamwachisha kabla ya wakati wake, kwani Umar hatoi posho illa kwa aliyeachishwa; wala mama yule hakujua kuwa anasema na Umar mwenyewe. Asubuhi ile Umar alisalisha hali ya kuwa kilio kimemzidi, kisha akaamrisha itangazwe kwamba posho itatolewa kwa kila mtoto tangu kuzaliwa kwake, na watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa. Basi angalieni: hata msaada wenye nia njema huweza kudhuru ukiwekwa sharti mbaya. Mwenye kutoa yampasa aende usiku akasikilize, na akiona madhara aibadilishe amri yake. Hiki ndicho tukitakacho kwa kila shirika na kila serikali.

Shubha mbili na jawabu zake

Huenda mtu akasema: "Misaada hii yatoka kwa wasio Waislamu, vipi twashirikiana nao?" Jawabu yetu ni kwamba Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, ambayo Makureshi waliahidiana ndani yake kumsaidia kila aliyedhulumiwa, na baada ya kuja Uislamu akasema kuwa lau angeitwa kwenye mapatano kama hayo angeliitika. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida ametuamrisha kusaidiana katika wema na kutosaidiana katika dhambi. Kumlisha mtoto ni wema, na wema haubadiliki kwa kubadilika mtendaji wake. Wala tusisahau kuwa na nchi za Kiislamu zimo katika kazi hii. Mfuko wa Kuwait wa kuzisaidia nchi nyengine uliundwa mwaka 1961, mwaka ule ule ulioundwa Mpango wa Chakula Duniani.

Na wako wanaonong'ona kwamba matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila baada ya miezi 6, tangu miezi 6 mpaka miaka 5, yana kitu cha kuwazuia kuzaa, au kwamba kidonge chake ni haramu. Twasema: Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat kuchunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na hapana ujinga mbaya kuliko unaomdhuru mtoto. Vitamini A ndiyo ile iliyomo katika maini na mayai, na ambayo mwili huipata pia katika papai, embe na boga. Hulinda macho na humpa mtoto nguvu ya kupambana na surua na maradhi ya kuharisha. Ama ganda la kidonge, mtoto halimezi. Mhudumu hukata ncha yake, akamdondoshea mafuta yaliyomo kinywani, na ganda likatupwa. Mwenye shaka na aende kliniki atazame kwa macho yake. Asiyetazama na anyamaze.

Nguo iliyotoka nyumbani

Sasa twalifikia jambo la nne, nalo ndilo zito. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliazimia kuwa nchi tajiri zitoe sehemu 0.7 katika kila 100 ya pato lao kuwasaidia wengine. Ni chache zilizotimiza. Na mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake kwa ghafula. Na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, lililoundwa mwaka 1961, likafungwa. Mtandao wa kuonya mapema juu ya njaa, uliokuwako tangu mwaka 1985, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kuwa itapunguza misaada yake kutoka 0.5 mpaka 0.3 katika 100 ya pato lake ifikapo mwaka 2027. Katika kambi za Dadaab na Kakuma posho ya wakimbizi ilipunguzwa. Mtoto wa kambini hakupiga kura katika nchi yoyote ya hizo, lakini bakuli lake lilipungua kwa kura zao.

Hatuyasemi haya ili tuwatukane waliotoa na kisha wakaacha. Mali ni yao, na Mungu atawauliza juu yake. Twayasema ili tujiulize sisi: katika dirhamu zile mbili, nguo yetu iko wapi?

Mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka uitwao Mwaka wa Ramada, ardhi ya Hijazi ilikauka ikawa kama jivu, na watu wakakimbilia Madina. Sayyidna Umar alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akawaandikia maliwali wake wa Misri, Sham na Iraq walete chakula. Amr bin Al-As akaleta kutoka Misri kwa ngamia na kwa majahazi. Hiyo ilikuwa dirhamu ya chakula. Lakini Umar hakukaa kungoja ukame wa pili. Mfereji wa kale uliokuwa umefukiwa, wenye kuunganisha Mto Nili na Bahari ya Sham, ukachimbuliwa kwa amri yake, nafaka ikawa inakuja Hijazi kwa vyombo mpaka ukaitwa Mfereji wa Amirul-Muuminina. Msaada ulipofika, alichimba njia. Na sisi misaada imetufikia miaka mingi. Je, tumechimba mfereji gani?

Yaliyo juu yetu

Kwanza, akina baba. Matumizi ya mama mwenye mimba na anayenyonyesha ni faradhi juu yako, wala si hisani. Na matumizi si unga peke yake. Ada ya wanaume kula kwanza na kuchagua minofu, kisha mama mwenye mimba akakomba sufuria, haina asili katika dini yetu. Mtoto alishwe maziwa ya mamake peke yake miezi 6 ya mwanzo, asipewe maji ya sukari wala uji mwepesi. Kisha aongezewe chakula laini kilicho kizito: uji wa wimbi uliotiwa njugu zilizosagwa, mbaazi au kunde zilizopondwa, samaki aliyetolewa miiba, mchicha wa nazi, yai, papai. Na chai asipewe, kwani huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Vitu hivi vyote vimo katika masoko yetu na mashamba yetu, havikuja kwa meli.

Pili, akina sisi tupikao kwa masufuria makubwa. Arusi moja ya mjini huchinjiwa ng'ombe na mbuzi, na hitima hupikwa pilau ikamwagwa, na nyuma ya ukuta wa nyumba ile ile yumo mjane mwenye mtoto mwenye mkono mwembamba. Mtume wetu (S.A.W.) amemkatalia imani kamili mtu alalaye ameshiba na jirani yake ana njaa naye ajua. Lau tungeliipunguza arusi kwa robo tu, na robo ile ikawekwa kwa ajili ya mama wazazi wa mtaa, tungelipata mfereji wa kwanza.

Tatu, wenye maduka na wenye kugawa. Pakiti za njugu za tiba huonekana zikiuzwa madukani, na unga wa msaada ukibadilishwa magunia. Huyu hakuiba mali ya wazungu wala ya serikali. Ameutoa uhai wa mtoto kinywani mwake. Ni khiyana ya amana, na pato lake ni haramu. Na wewe mama, pakiti ulizopewa kwa mtoto mgonjwa ni dawa yake; ukiwagawia ndugu zake wote, hakuna atakayepona.

Nne, kamati za misikiti. Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwamba chakula kikiwapungukia safarini au mjini, hukusanya walicho nacho katika nguo moja wakagawana kwa chombo kimoja kwa usawa, akasema kuwa hao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Basi kila msikiti na ujue mama wajawazito na wanaonyonyesha walio mafukara katika mtaa wake, na sehemu ya zaka na sadaka iwafikie kwa mwaka mzima, si Ramadhani tu. Na waelekezwe kliniki watoto wapimwe kwa ule utepe. Wazee wetu waliweka wakfu mashamba na nyumba kwa taa na mikeka ya misikiti. Mwenye uwezo leo na aweke wakfu kwa bakuli la mtoto. Nayo ni sadaka yenye kuendelea hata atakapokuwa kaburini.

Kwa ufupi twasema: msaada tuupokee bila ya kiburi na bila ya kujidhalilisha, tuulinde kama amana, tuyachukue maarifa yake kuliko magunia yake, na tutangulize nguo yetu mnadani kabla ya kutazama mikono ya watu. Siku ambayo magunia hayatakuja, na liwepo shoka, na mkono unaojua kulishika.

Ewe Mola wetu, tuwafikishe kuwalisha tuliopewa kuwalea, utuepushe na kula haki zao, na uwape kheri wote waliowasaidia viumbe wako. Amin.